Almasi na kinywe: eksirei inaona nini ambacho kemia haikioni?

Almasi ya Mwadui na kinywe (grafiti) cha Mahenge vyote ni kaboni. Ukimuuliza mkemia vimeundwa na nini, jibu ni moja. Lakini kimoja hukata kioo, kingine hukuachia weusi kidoleni. Tofauti iko kwenye mpangilio wa atomu, na huo ndio tunaousoma maabarani kwa eksirei.

Mawimbi ya mwanga wa kawaida ni marefu mno kwa kazi hii. Eksirei itokayo kwenye shaba ina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, unaokaribiana na umbali kati ya atomu na jirani yake. Tunasaga sampuli iwe laini kuliko sembe (almasi ya mtu hatuisagi, msiogope, jiwe zima lina njia yake), tunaisawazisha kwenye kisahani, kisha mashine inaimulika huku ikibadilisha pembe taratibu. Kwenye pembe nyingi mawimbi yanayorudi kutoka kwenye safu za atomu yanafutana. Kwenye chache yanaungana, na mchoro wa mashine unasimama kama mlingoti. Mlingoti mkubwa wa kinywe uko nyuzi 26.5, kwa sababu tabaka zake zimeachana kwa nanomita 0.335. Wa kwanza wa almasi uko karibu na nyuzi 44. Kioo cha dirisha hakina mlingoti kabisa, kina kichuguu tu: atomu zake hazina safu.

Hesabu ya kutoka pembe kwenda umbali aliitoa mwanafizikia William Lawrence Bragg mwaka 1912, akiwa na miaka 22. Bado tunaitumia kila siku.

Dawa nazo zina mambo haya. Mwaka 1998 kapsuli za ritonavir, dawa ya VVU, zilianza kutoyeyuka vizuri, ikabidi ziondolewe sokoni. Molekuli ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni fuwele, yaani jinsi molekuli hizo zinavyojipanga kwa safu.

Wachimbaji wadogo hutuletea mawe wakitaka kujua kama yana dhahabu. Kwa mashine hii hatuwezi kuwajibu. Kitu kisichofika asilimia moja ya sampuli mara nyingi hakionekani, na mwamba wenye dhahabu nzuri huwa na gramu chache tu kwa tani. Tutakwambia jiwe lako ni kwatzi na pairaiti. Dhahabu yake ipeleke kwenye kipimo cha tanuri.