Admini ya Django kwa karani wa AMCOS: anza na fomu, rangi baadaye

Wengi wakigusa admini ya Django (kurasa za kusimamia data zinazokuja tayari na mfumo huu wa Python wa kutengenezea tovuti) huanza na nembo na rangi. Mimi naanza na kisanduku cha kumchagua mkulima, maana hapo ndipo kazi ya karani hukwama.

Chukua AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya kahawa huku Mbozi. Mzigo ukifika, karani anaandika mkulima, kilo na daraja. Uga wa `ForeignKey` (unaounganisha rekodi ya mapokezi na mkulima wake) kwa kawaida hutoa orodha ya wanachama wote. Wakiwa 3,000, majina 3,000 hupakuliwa kila fomu inapofunguliwa, na kwa mtandao wa kijijini foleni ya mizani inasimama. Weka `autocomplete_fields = ("mkulima",)` kwenye `MapokeziAdmin` (darasa linalopanga kurasa za mapokezi), majina yatakuja 20-20 kadiri anavyoandika. Lazima `MkulimaAdmin`, darasa la wakulima, iwe na `search_fields` (uga za kutafutia), la sivyo utapata kosa admin.E040. Naandika `("=namba", "jina")`: namba ilingane kamili, jina litafutwe popote. Usiweke `^jina` kama majina yote matatu yako kwenye uga mmoja, kwa sababu anayetafuta kwa jina la ukoo hatapata kitu.

Kama AMCOS kadhaa zinatumia mfumo mmoja, utachuja `get_queryset` (mbinu inayochagua rekodi za kuonyeshwa) ya `MapokeziAdmin` ili kila karani aone mapokezi ya chama chake. Chuja pia ile ya `MkulimaAdmin`! Kisanduku cha kutafutia huchota majina kutoka huko, na ukiiacha wazi karani ataona wanachama wa jirani.

Orodha ikiwa nzito, angalia safu ya kijiji. Mbinu inayosoma `obj.mkulima.kijiji.jina` inaweza kuuliza hifadhidata mara mbili kwa kila mstari, na ukurasa una mistari 100. `list_select_related = ("mkulima__kijiji",)` huunganisha yote kwenye swali moja.

Jina la karani lisijazwe kwa mkono. Ondoa uga huo kwenye fomu, kisha ndani ya `save_model` (mbinu inayohifadhi rekodi), kama `change` ni `False`, yaani rekodi ni mpya, weka `obj.karani = request.user` kabla ya kuita `super()` ihifadhi kama kawaida.

Kufuta ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwani kilo hizi ni malipo ya mtu. Kitendo cha kufuta mistari iliyochaguliwa hakiiti `delete()` ya modeli, hivyo hesabu ya salio uliyoiweka humo itarukwa. Ama andika upya `delete_queryset`, ambayo ndiyo kitendo hicho huita, ama, kama ninavyopendelea, `has_delete_permission` irudishe `False` na rekodi mbovu iwekewe alama ya kubatilishwa.

Sasa ndipo `site_header` (kichwa cha kurasa), pamoja na `verbose_name_plural = "Wakulima"`, vinginevyo menyu itaandika "Mkulimas".