Je, wajua kwa nini mwongozaji ndege hukosea hata anga likiwa karibu tupu?

Ukiishi Port Reitz au Magongo, ambako ndege hupita juu ya mabati kabla ya kugusa ardhi, ni rahisi kujijengea fikra kuhusu mtu aliye juu ya mnara wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa. Tunamwazia ameikodolea macho rada, kioo kimejaa nukta, marubani wanamwita kwa mpigo, jasho linamtoka. Kwa fikra hizo, hatari hupanda kadiri ndege zinavyoongezeka, na zikipungua bwana huyu hunyoosha miguu akanywa chai. Nusu ya kwanza ina ukweli wa kiasi. Nusu ya pili ndiyo inayostahili kuvunjwa, kwa sababu baadhi ya makosa mabaya kabisa katika kazi hii yalitokea usiku, ndege zikiwa za kuhesabika kwa vidole.

Tuanze kwa kuiweka rada mahali pake. Aliye mnarani hutazama zaidi dirishani: njia ya kutua na kupaa iko wazi? Nani anasubiri kupaa? Upepo umegeuka? (Njia kuu ya Mombasa ina namba 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani takriban nyuzi 30 na 210 za dira. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo kaskazi na kusi, zilizopanga safari za majahazi, bado zina la kusema hata mbele ya Boeing.) Rada huwahudumia zaidi wenzake wanaopokea ndege zinazokaribia, na wale wanaosimamia zilizo safarini juu. Hao wana sheria ya nafasi. Kwa kawaida ndege mbili zitenganishwe kwa futi 1,000 kwenda juu, au maili 5 za baharini kwa ubavu, na maili hizo huweza kushuka hadi 3 karibu na uwanja.

Nafasi hiyo yaonekana kubwa mpaka ukumbuke mwendo. Ndege mbili kubwa za abiria zinazoelekeana huko juu husogeleana kwa kama maili 15 kila dakika. Anayengoja kuona nukta zikikaribiana amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kubashiri. Mwongozaji hubeba kichwani picha ya dakika kadhaa zijazo, nani atakuwa wapi na nani atamkatia nani njia, na kila sauti mpya redioni humlazimu airekebishe.

Picha hiyo inatosheaje kichwani? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba kama vitu 7. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliipunguza hesabu hiyo hadi kama 4. Mwongozaji mwenye ndege 12 anapaswa kuwa amezidiwa kitambo, na mara nyingi hajazidiwa.

Mtazame makanga wa matatu inayotoka Mwembe Tayari kwenda Mtwapa. Ana abiria 14. Muulize aliyekaa nyuma ya dereva amevaa shati la rangi gani, atabaki kukutazama. Lakini anajua kwamba mama mmoja ametoa noti ya 1,000 na anadai chenji, kwamba vijana wawili wanashuka Bombolulu na mmoja amemlipia mwenzake, na kwamba waliobaki wote ni wa mwisho wa safari na hawana neno. Watu 14 wamegeuka mambo matatu, na kila jambo limefungwa kwenye kitu ambacho bado hakijatokea. Mwongozaji hufanya vivyo hivyo. Tafiti za tangu miaka ya 1970 zinaonyesha kwamba hukumbuka vyema ndege zinazoelekea kukatiana njia au zinazohitaji agizo, na husahau upesi kasi na urefu kamili wa zile zisizo na shida. Ndiyo maana pia katika vyumba vingi bado utakuta vijikaratasi vyembamba, kimoja kwa kila ndege, vikisogezwa kwa mkono. Kusahau kwake hakumdhuru mradi kijikaratasi kipo.

Gari likijaa kupita kiasi, makanga hujibana zaidi. Haridhishi tena mmoja mmoja. Chenji ni "nitakupa mbele", na nauli inakusanywa kwa safu. Mtafiti Mfaransa, Jean-Claude Sperandio, alieleza jambo kama hilo kwa waongozaji mwaka 1971. Ndege zikiwa chache, walizingatia mengi kuhusu kila moja na kuichagulia njia inayoifaa. Zilipoongezeka, walipunguza maelezo waliyoyajali, wakazipanga kwa mtindo mmoja katika foleni. Chukulia Cessna Caravan ya mwendo wa polepole na Boeing 737 kutoka Nairobi zinakaribia Mombasa pamoja. Saa tulivu mwongozaji anaweza kupiga hesabu ya kumpitisha mdogo kwa njia ya mkato. Saa ya msongamano atasema tu: wewe wa kwanza, wewe wa pili, punguza mwendo. Na ikiwa Caravan ndiyo iliyo nyuma, lazima iachiwe nafasi, maana hewa inayozunguka nyuma ya ndege kubwa huweza kuipindua ndogo. Kwa hiyo ndege zikiongezeka maradufu, uzito wa akili hauongezeki maradufu. Mtu hulegeza mahali pengine, hadi mpaka fulani.

Sasa gari liwe na abiria wawili, usiku. Hakuna chenji, hakuna safu, hakuna cha kukumbuka, na makanga anapitisha kituo cha mmojawao. Hilo lilipimwa miaka ya 1940. Norman Mackworth, aliyekuwa akichunguza kwa nini watazamaji wa rada walikosa kuziona nyambizi, aliwakalisha watu mbele ya saa ambayo mshale wake uliruka hatua moja moja na, mara chache, hatua mbili. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948, uwezo wa kuiona miruko hiyo ya hatua mbili ulishuka tayari ndani ya nusu saa ya kwanza. Hakuna aliyelala. Kilichowashinda ni kungoja.

Tazama ajali mbili. Los Angeles, 1 Februari 1991, jioni: mwongozaji aliiruhusu ndege ndogo ingoje kwenye njia ya kupaa na kutua, akashughulika kutafuta kijikaratasi kilichokosekana na rubani aliyetoweka kwenye masafa, kisha akaruhusu Boeing 737 itue palepale. Watu 35 walikufa. Wachunguzi waliulaumu zaidi utaratibu wa mnara uliomwacha bila kinga ya pili. Karibu na Überlingen, Ujerumani, 1 Julai 2002, saa tano na nusu usiku, ndege mbili ziligongana angani na watu 71 wakafa. Mwongozaji aliyekuwa Zurich alibaki peke yake, mwenzake akipumzika kama ilivyozoeleka. Simu kuu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo, na yeye alikuwa kwenye meza nyingine akiihudumia ndege iliyochelewa. Ndege chache, meza mbili.

Hapa pana mtego, na makala nyingi huingia humo. Ripoti za Amerika Kaskazini zimeonyesha kwamba makosa mengi ya nafasi hutokea msongamano ukiwa wa wastani au mdogo. Lakini zamu nyingi zenyewe huwa za wastani au tulivu, kwa hiyo hata kama hatari ingelingana saa zote, makosa mengi bado yangeangukia huko. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba utulivu si kinga. Kwamba ni hatari zaidi kuliko msongamano, hesabu hizo pekee haziwezi kuthibitisha.

Uingereza imeweka kikomo: kwa kawaida mtu asikae kwenye kiti zaidi ya saa mbili bila mapumziko ya nusu saa. Dawa hiyo nayo ina gharama yake. Ripoti zilezile za Amerika Kaskazini zimeonyesha makosa yakirundikana katika dakika za mwanzo baada ya mtu kupokea kiti, kabla picha haijamkaa sawasawa, na kila pumziko ni kupokezana kiti kupya. Ndiyo sababu anayeingia huchomeka vifaa vyake vya masikioni kando ya mwenzake, akasikiliza kwa dakika kadhaa kabla ya kusema neno, na anayetoka hutakiwa kusimama nyuma yake kidogo hata baada ya kukabidhi.