Nchi haina mtambo wa nyuklia, sasa hiyo trening ya ulinzi ni ya nini?

Nikisema tu kwamba nimesomea ulinzi wa nyuklia, yaani kulinda vitu vya mionzi visiibiwe wala kutumiwa vibaya, hapa Mwanza swali ni lile lile, kwani sisi tuna bomu? Hatuna. Hata umeme wa nyuklia hatuna, Afrika nzima kituo kinachozalisha ni kimoja tu, Koeberg kule Afrika Kusini. Ila tuna tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, tuna geji (vipimo) za mionzi kwenye mabomba ya migodini, tuna mafundi wanaopiga picha maungio ya kulehemu kwa iridiamu-192, ambayo nayo inatoa mionzi, na hivyo vyote vinasafirishwa kwa barabara, vinavuka mipaka, vinazeeka, mwisho wa siku vinaweza kuishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi ni mtu wa kinga ya mionzi na kazi yangu iko hapo hapo.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile la Vienna, limegawa vyanzo vya mionzi makundi 5. Kundi la 1 ni kama kobalti-60 ya mashine za saratani, ukikaa karibu nayo ikiwa haina kinga, dakika chache mpaka saa moja inatosha kukuua. Kundi la 5 hata usihangaike nalo sana. Ukielewa hilo tu umeshajua pesa ya ulinzi iende wapi kwanza, maana pesa yenyewe ni kidogo.

Sasa trening. Kuna shule ya kila mwaka Trieste, Italia, pale ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia alichoanzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu wasiachwe nyuma, na tangu 2011 wanaendesha na hao wa Vienna kozi ya ulinzi wa nyuklia. Kuna ile ya zamani ya Marekani, Albuquerque, imeanza 1978. Japani, Korea Kusini, China wana vituo vyao, na Oktoba 2023 ikafunguliwa sehemu mpya Seibersdorf, nje kidogo ya Vienna, hapo unakuta uzio wa kweli, kamera za kweli, mageti ya kupimia mionzi, unashika kwa mkono siyo kuangalia slaidi siku nzima mpaka usingizi.

Kitu kilichonifungua akili kuliko vyote ni hesabu ya muda. Mwalimu anampa mtu ngazi na blanketi, anashika stopu wachi, anasema vuka uzio. Askari mmoja wa kike kutoka Zambia aliruka uzio wa waya wa bei mbaya kwa sekunde chache tu, tukabaki tunaangaliana. Maana yake uzio haumzuii mtu, unamchelewesha, na ucheleweshaji wenyewe unaanza kuhesabika pale tu ulipojua kwamba kuna mtu. Chukua mfano, mlango una kufuli tatu, mwizi anazikata kwa dakika 12, alarm imefungwa ndani ya chumba kwa hiyo inalia mlango ukishafunguka, hizo dakika 12 zote zimeenda bure. Hamishia sensa nje ya mlango, kufuli ni zile zile, gharama ni ndogo, na sasa una dakika 12 za kuita polisi. Polisi wakihitaji 20 bado umeibiwa, lakini angalau unajua unakosa dakika 8 na unajua uzitafute wapi. Nimeona sehemu (jina silitaji) wamenunua kamera kibao, nzuri kabisa, na skrini iko kwenye ofisi inayofungwa saa kumi jioni. Hiyo kamera itakuonyesha tu ulivyoibiwa jana.

Na muda wa huku siyo muda wa Albuquerque. Zamani tukio likitokea upande wa Geita, gari likitoka Mwanza linakwenda kusubiri kivuko pale Kigongo kama magari mengine, labda uombewe kupita mbele, lakini feri kama iko ng'ambo iko ng'ambo. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 unazipita kwa dakika chache, kwa hiyo kila mpango wa dharura ulioandikwa kabla ya hapo inabidi ufunguliwe tena upigwe hesabu upya. Hakuna mwalimu wa Vienna atakayekufanyia hiyo.

Darasani tukio linalosomwa sana ni la Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Kliniki imehama, mashine ya siziamu-137 imeachwa, watu wawili wakaichukua wakauza yadi ya chuma chakavu. Ndani kuna unga unang'aa bluu gizani, watu wakagawiana, ndugu na majirani. Walikufa 4, waliokutwa na uchafuzi 249, waliopimwa zaidi ya laki moja. Na aliyegutuka siyo mtaalamu, ni mke wa mwenye yadi, aliona watu nyumbani wanaugua, akaweka mabaki kwenye mfuko, akapanda nayo basi kupeleka kwa watu wa afya, na yeye ni mmoja wa wale wanne. Mexico nao Desemba 2013 liliibiwa lori lenye kobalti-60 ya hospitali, wezi walichotaka ni lori.

Ndio maana mimi nawapa kipaumbele watu wa skrepa kuliko watu wa mitutu. Kontena la chanzo ni zito, mara nyingi lina madini ya risasi, na risasi hiyo inauzika, kuna wanaoiyeyusha kutengeneza chubwi za uvuvi. Nilimwonyesha mzee mmoja anayenunua vyuma Igoma picha ya ile alama ya mionzi, ya njano na mapanga matatu meusi, akaitazama weee, akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), hii si pangaboi?" Na hayuko peke yake, ndio maana mwaka 2007 ikatoka alama ya nyongeza, nyekundu, ina fuvu na mtu anakimbia, ilijaribiwa kwa watu wa nchi 11 na Kenya ikiwemo. Nilipomwonyesha hiyo akasema, "Hapa naondoka." Shida ni kwamba hiyo inabandikwa ndani, karibu na chanzo, ili uione ukianza kufungua, nje inabaki ile pangaboi.

Kinachoniudhi ni uteuzi. Unakuta nafasi ya kozi anapewa bosi aliyebakiza miezi kustaafu, anarudi na setifiketi na picha, na yule kijana wa forodha anayeshinda getini na kifaa cha kupimia hajui kwamba shehena ya vigae au mbolea inaweza kupiga alarm bila kosa lolote, au mama wa watu aliyetoka kutibiwa tezi kwa ayodini-131 wiki iliyopita anaweza kupiga alarm naye ni msafiri tu. Asipojua hayo anafanya moja kati ya mawili, anamdhalilisha mama au anazima kifaa.

Kwa anayetaka kuomba: kozi za Vienna maombi lazima yapitie serikalini, kwetu ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Za Trieste unaomba mwenyewe mtandaoni. Kuna moduli za bure za kusoma kwenye intaneti za hao wa Vienna, anza nazo kabla hujaomba chochote, kozi nyingine zinazidai kama sharti na wengi wanakwama hapo hapo. Barua ya mwajiri ianze kutafutwa mapema, hiyo ndiyo inachukua muda kuliko mtihani wowote.