Plaiwudi Iliyolala Sakafuni

Tuanze na kipande kimoja cha plaiwudi. Kimelazwa sakafuni, ghorofa ya tatu, hakina alama wala msumari. Chini yake kuna tundu la kupitishia mabomba, pana kama meza ndogo. Aliyelifunika alikuwa na nia njema kabisa. Saa mbili baadaye anakuja saidia fundi aliyetumwa kutafuta plaiwudi, anakiona kile pale, anainama, anakiinua kwa mikono miwili mbele ya kifua, kisha anapiga hatua. Plaiwudi yenyewe ndiyo iliyomziba macho asilione tundu.

Msimamizi wa usalama aliyekaa saiti miaka kadhaa anaijua ajali hii. Kwangu ilibaki kidogo tu itokee: nilikuwa natokeza ngazini, nikapiga kelele "Simama hapo hapo!", kijana akasimama mguu mmoja ukiwa hewani. Jioni nilipofungua jalada nikakuta fomu ya asubuhi ile ile, imejazwa na kutiwa sahihi: matundu yote yamefunikwa. Na ilikuwa kweli, yalikuwa yamefunikwa.

Tangu hapo sijali sana kama kihatarishi kimeandikwa. Nauliza kimefanywa nini, na kama hicho kilichofanywa kitakuwa bado kipo baada ya chakula cha mchana. Kiwandani mashine ya jana ndiyo ya leo. Saiti haiko hivyo. Leo kuna shimo, kesho kuna nguzo. Njia uliyopita asubuhi, mchana imefungwa na nondo. Tathmini ya wiki iliyopita inaeleza mahali ambapo hapapo tena.

Wote tumefundishwa mpangilio wa hatua za udhibiti: ondoa kihatarishi, ikishindikana, badilisha kifaa au njia ya kazi, ikishindikana, weka kizuizi, halafu taratibu na mafunzo, mwisho kabisa vifaa kinga. Nilichokiona mimi ni watu kuanzia mwisho. Ukitaja usalama wanawaza kofia, buti na reflekta, basi.

Rudi kwenye lile tundu. Kuliondoa kunawezekana: mkikubaliana na mhandisi, siku ya kumwaga zege mnaacha wavu wa nondo upite katikati ya tundu, na fundi bomba akifika ndipo anakata anachohitaji. Mtu hapenyi pale hata akitaka. Hilo likikataa, weka kifuniko kinachoweza kubeba mtu na mzigo wake, kigongomelewe, kipakwe rangi na kuandikwa TUNDU kwa herufi zinazosomeka ukiwa mbali. Kuwaambia watu "kuweni makini" ndiyo njia ninayoiamini kidogo kuliko zote. Aliyebeba mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, umakini wake wote uko kwenye mfuko.

Hata kifaa kinga kizuri kina hesabu yake, na hesabu hiyo watu hawaifanyi. Chukua hanesi, yaani mikanda ya mwilini ya kumdaka anayeanguka, yenye kamba ya mita 1.8. Ukianguka, kamba inanyooka yote, kisha kile kipunguza mshtuko kinafumuka karibu mita 1 nyingine. Kutoka pale kamba inaposhikana na mgongo wako hadi kwenye nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza nafasi ya tahadhari, unapita mita 5 chini ya mahali ulipofunga kamba. Sasa ifunge kwenye sakafu unayoikanyaga, ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini. Umevaa hanesi, umepiga picha, na ukianguka unafika chini kabla kamba haijamaliza kazi. Aliye chini kiasi hicho anahitaji reli ya kumzuia asifike ukingoni, au kamba fupi isiyomfikisha huko. Na hata pale kamba inapomshika, lazima muwe mmeshapanga nani atamshusha na kwa kifaa gani. Mtu akining'inia kwenye hanesi bila kusogea, damu hubaki miguuni, na dakika chache tu zinaweza kumweka pabaya.

Wakati wa kujenga daraja la Golden Gate kule San Francisco, wavu ulitandazwa chini ya sakafu ya daraja, na watu 19 walioanguka wakaokolewa nao. Kwa miaka ile lilikuwa jambo kubwa. Kisha tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi likachomoka, likaangukia wavu ule ule na kuuchana. Watu 10 wakafa. Wavu ulitengenezwa kudaka mtu, jukwaa lilikuwa na uzito wa tani kadhaa. Ndiyo maana nikionyeshwa kizuizi chochote huuliza: hiki kimewekwa kuzuia nini hasa, na kitu gani kizito zaidi kinaweza kukiangukia?

Mitaro ndiyo inayoninyima usingizi. Mtaro hautishi mtu. Hauna urefu wa kukutia kizunguzungu, na unachimbwa na watu waliolima tangu utotoni, wanaoujua udongo. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 au zaidi, karibu sawa na gari dogo. Aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, anaweza kufa huku anazungumza na wenzake, maana kila anapotoa pumzi udongo unajaza ile nafasi na kifua hakipanuki tena. Sheria nyingi zinaanza kudai kuta zishikiliwe zisiporomoke, au zichimbwe kwa mteremko, kwenye kina cha kati ya mita 1.2 na 1.5. Mimi sisubiri kipimo kama udongo ni wa kichanga, kama ni mahali palipowahi kufukiwa, au kama mvua imenyesha usiku. Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi iwe karibu na mtu anapofanyia kazi. Ngazi iliyo mwisho wa mtaro haimsaidii aliye katikati. Ukuta uliosimama wima siku tatu hauthibitishi chochote. Udongo hukauka, ukapasuka, ukaachia.

Muda nao ni kihatarishi, na huu hauandikwi kwenye fomu. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, jukwaa lililokuwa limeshikiliwa na ukuta wa mnara uliokuwa ukijengwa lilianguka na kuua watu 51. Wachunguzi walikuta kwamba zege lililomwagwa siku iliyotangulia, likalala usiku wa baridi, lilikuwa halijapata nguvu ya kubeba mzigo uliowekwa juu yake. Ratiba ilisema siku moja, zege lenyewe likawa bado. Kwa hiyo mtu akiniambia tutoe nguzo za muda leo kwa sababu fundi anazihitaji ghorofa ya juu, naomba kwanza nione majibu ya vipimo vya zege.

Kuna pia vinavyoua polepole, navyo vinapata sentensi mbili tu kwenye vikao vingi. Vumbi la kukata zege na matofali lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Lile unaloliona likitua kwenye nywele sio baya kuliko yote. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina tiba. Mpira wa maji kwenye bledi unapunguza vumbi hilo kwa kiasi kikubwa. Saruji mbichi nayo inaunguza ngozi, na anayepiga magoti kwenye zege hajui kama ameungua hadi jioni.

Lakini anayekiona kihatarishi kwanza mara nyingi ni kibarua wa siku, ambaye kesho anataka aitwe tena. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 167 wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi, unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa palipo na hatari kubwa ya papo hapo. Haki hiyo inakufa siku nyapara anapomjibu mtu, "Kama unaogopa nenda nyumbani." Jibu moja tu la namna hiyo, na wote waliosikia hawasemi tena.

Kikao changu cha asubuhi nimekipunguza hadi swali moja: tangu jana kimebadilika nini? Kisha nanyamaza, hata ikichukua dakika nzima ya aibu. Kuna siku aliyejibu alikuwa mzee wa kuchanganya zege, amesimama nyuma kabisa. "Mkuu, pale kwenye mtaro kuna ufa. Jana kidole hakiingii, leo kinaingia." Tulikwenda naye. Ufa ulikuwa hatua mbili kutoka ukingoni, umekwenda sambamba na mtaro kwa urefu wa mita nne hivi, na lori la kokoto lilikuwa linaegeshwa juu yake. Lori likahamishwa, mtaro ukafungwa. Kabla ya saa saba mchana upande ule ulikuwa umeshaingia ndani.