Ukanda wa nyuma ya pedi na maji ya Lamu

Bandua pedi yoyote ya dukani, utabaki na ukanda mwembamba mkononi, unaong'aa upande mmoja. Kazi yake imekwisha hapo hapo. Ulikuwa unailinda gundi isishike vumbi wala kunata mahali pengine kabla ya wakati wake. Wengi huutupa chooni kwa sababu unaonekana karatasi, na karatasi inajulikana kuwa huoza. Kazi yangu ni gundi na vitu vinavyoilinda, na kila nikiwa nyumbani Amu, yaani mji wa Lamu, ukanda huu ndio ninaoulizwa kuliko kitu kingine. Siku hizi swali ni moja: dada zangu wamesikia kuna ukanda mpya unaotawanyika ndani ya maji, wanataka kujua kama ni kweli na kama utatufaa.

Kweli upo. Utatufaa pia, ila kwa masharti, na mengi ya masharti hayo yanatoka kwenye visima vyetu.

Kwanza tuuelewe ukanda wa kawaida. Gundi ya pedi huyeyushwa kwa joto kiwandani. Ni mchanganyiko wa mpira wa kutengenezwa, utomvu unaonata na mafuta. Haikauki kamwe, hubaki laini na hushika kwa kubonyezwa tu. Pedi za kujinatia zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1969 na 1970, na ndizo zilizowaondolea wanawake mikanda ya kiunoni na pini. Gundi hiyo ukiigusisha karatasi tupu, haibanduki bila kuchana nyuzi. Kwa hiyo karatasi hubanwa sana, mara nyingi hupakwa plastiki nyembamba, kisha juu yake silikoni, gramu moja hivi kwa mita ya mraba. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Gundi haipati pa kushika kwenye silikoni, na ukanda hubanduka kwa kuvutwa kidogo. Kipimo cha nguvu ya kubandua ni kazi ya watu wazima: ukanda ukilegea utadondoka ndani ya pakiti, ukikaza utakatika vipande au utavuta gundi iondoke kwenye pedi.

Ukanda wa namna hiyo ukiutia ndani ya glasi ya maji usiku, asubuhi utaukuta mzima. Plastiki haipitishi maji, na silikoni si chakula cha bakteria.

Ukanda wa kutawanyika unategemea tabia ya karatasi yenyewe. Nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mimea zinazofanya karatasi, hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini ni vingi mno. Maji yakipenya, molekuli zake hushika nafasi za vifungo hivyo na nyuzi zikaachiana. Ndiyo sababu karatasi ya choo hutawanyika. Karatasi nene ya kufutia jikoni haitawanyiki, kwa kuwa kiwandani hutiwa utomvu wa kuishikilia inapolowa. Hiyo msiitie chooni hata siku moja.

Watengenezaji wana njia mbili kubwa. Moja ni kuchanganya nyuzi za mti na kaboksimethili selulosi, yaani selulosi iliyobadilishwa kikemia ili ipende maji zaidi. Ikilowa huvimba, huteleza, na nyuzi zilizo kando yake hulegea. Nyingine ni kuiacha karatasi kabisa na kutumia utando wa polivinili alkoholi, ule ule unaofunga vifuko vya sabuni ya mashine za kufulia. Huu hutengenezwa kwa kuanza na polivinili asetati, kisha asetati huondolewa. Ukiondolewa asilimia 87 hadi 89 huyeyuka katika maji baridi. Ukiondolewa asilimia 98 na kuendelea, unahitaji maji ya moto sana, ambayo hayapatikani ndani ya choo chochote ninachokijua.

Ugumu uko kwenye silikoni. Ukiipaka juu ya karatasi legevu, itazama ndani na gundi itakutana na nyuzi tupu. Kwa hiyo karatasi huzibwa kwanza kwa wanga au polivinili alkoholi, silikoni ikakaa juu ya kizibo hicho. Upande wa silikoni maji hayaingii. Huingia kwa nyuma, ambako karatasi imeachwa wazi. Nyuzi zikiachiana kutoka nyuma, silikoni hubaki haina cha kuishikilia, na kwa wembamba wake hupasuka kama utando wa juu ya maziwa. Vipande vyake haviyeyuki. Hubaki, vidogo na vichache kwa uzito, na mtu anayekuuzia ukanda huu akikwambia unatoweka wote, hakukwambia kweli.

Sasa maji. Mji wa Lamu hutegemea visima vya Shela, ambako mvua huzama chini ya vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi. Visima vingine vingi vina maji ya chumvichumvi. Na kwa kuwa ardhi yetu ya pwani ina mawe mengi ya matumbawe, maji hubeba kalisi, yaani madini ya kalsiamu. Hayo yote yana maana kubwa kwa ukanda wa kaboksimethili selulosi. Molekuli zake ni minyororo mirefu yenye chaji hasi. Chaji hizo husukumana, na kusukumana huko ndiko kunakouvimbisha ukanda na kuulegeza. Chumvi ya kawaida huzifunika chaji hizo. Kalisi na magnesi (madini ya magnesiamu) ni wakali zaidi, kwa sababu kila chembe yake ina chaji mbili chanya na inaweza kushika minyororo miwili kwa pamoja.

Wanaotengeneza vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia wanalijua hili vizuri, na baadhi yao hulitumia makusudi. Kitambaa hukaa kizima ndani ya pakiti kwa sababu kimelowekwa kwenye maji yenye chumvi, kisha kikifika kwenye maji matamu ya bomba, chumvi hupungua na kitambaa huachana. Ukikitia kwenye maji yenye chumvi na kalisi nyingi, huenda kisiachane.

Kwa hiyo ninapoletewa ukanda wa kupima, huwa natumia glasi tatu: maji ya mvua kutoka kwenye jabia, maji ya kisima, na maji ya bahari. Kanda za kaboksimethili nilizozipima hutofautiana waziwazi. Katika maji ya jabia, mgongo wa ukanda hupoteza ulaini, kingo hutoa nyuzi, maji hugeuka meupe kidogo, na ukitikisa glasi unaona upande unaong'aa ukikatika vipande. Katika maji ya kisima kingo huvimba na kuwa na utelezi, lakini ukanda hushikilia. Unahitaji kutikiswa kwa muda na hata hivyo hutoka mapande badala ya nyuzi. Katika maji ya bahari unaweza kuutoa kwa vidole ukiwa bado na umbo lake. Utando wa polivinili alkoholi hauna chaji, kwa hiyo chumvi ya kisima haiusumbui sana. Ningeupendelea kwa sababu hiyo, kama usingekuwa na tatizo lake.

Tatizo lenyewe ni vidole. Sisi tunajisafisha kwa maji. Mwanamke anayebadilisha pedi mara nyingi mikono yake imelowa, kata iko kando ya birika, na kitambaa cha kufutia hakipo. Ukanda unaoyeyuka katika maji baridi ukishikwa na vidole vilivyolowa huanza kuteleza na kunata papo hapo. Hukatika katikati, kipande kimoja kikabaki juu ya gundi, na pedi haishiki tena mahali pale. Majaribio ya kubandua hufanywa kwa mashine, katika chumba kikavu, ukanda ukivutwa kwa mwendo ule ule. Nimewahi kuomba kiwanda kimoja kipime kwa mkono uliolowa, nikajibiwa kwamba hakuna kanuni inayodai hivyo. Sikubaliani na jibu hilo mpaka leo. Karatasi yenye kaboksimethili huvumilia zaidi hapa, kwa sababu inachukua muda kulowa, na sekunde chache zinatosha kumaliza kazi.

Kuna pia hewa yetu. Unyevu wa Lamu mara nyingi hupita asilimia 70, na bidhaa hufika kwa lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kwa mashua, kisha kwa punda au mkokoteni, halafu hukaa dukani chini ya mabati. Ukanda unaopenda maji hufyonza unyevu kwa mgongo wake tu, kwa kuwa upande wa silikoni haufyonzi. Mgongo hutanuka, uso hautanuki, ukanda ukajikunja. Ukingo ukiinuka, mchanga hupata njia. Dawa ipo: kila pedi ifungwe peke yake kwenye kifuko kisichopitisha unyevu. Ila hapo tumeongeza plastiki ili kuondoa plastiki, na lazima mtu akae apige hesabu kama amepata faida.

Nije kwenye jambo linalonihangaisha zaidi. Amu hakuna mtandao wa mabomba ya majitaka. Choo kinaishia shimoni, na shimo likijaa hutapishwa kwa mikono, maana lori la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro vya mitaa yetu ya Mkomani wala Langoni. Pedi ikiingia humo, kiini chake cha nyuzi na chembe za poliakrilati hufyonza na kuvimba, plastiki ya nyuma hubaki ilivyo, na gundi huishika kwenye ukuta au kwenye pedi nyingine. Anayezitoa ni binadamu, anashuka mwenyewe. Ukanda unaotawanyika haubadilishi lolote katika hayo. Hofu yangu ni kwamba pakiti ikiandikwa kwa herufi kubwa kuwa "hutawanyika katika maji", msichana ataelewa kwamba pedi nzima inaruhusiwa. Maandishi yawe juu ya ukanda wenyewe, kwa Kiswahili, na yaseme ukanda huu tu. Pedi iende kwenye pipa la taka.

Hata ukanda wenyewe, ukishaingia shimoni, haupati msukosuko wa bomba. Kipimo kinachotumika sana viwandani ni sanduku linaloyumba: bidhaa hutiwa ndani ya maji, sanduku huyumbishwa, kisha kilichobaki humwagwa juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 12.5. Shimo letu haliyumbi. Ukanda wa selulosi utaoza humo taratibu kwa bakteria wasiohitaji hewa. Polivinili alkoholi huyeyuka haraka, lakini bakteria wa kuila ni wa aina maalumu, na mahali pasipo na hewa kazi hiyo huenda polepole sana. Kwa shimo la Amu, basi, nachagua karatasi, pamoja na udhaifu wake kwenye maji ya chumvi.

Zipo pedi zisizo na ukanda kabisa: silikoni imepakwa ndani ya kifuko, na gundi hukaa juu ya kifuko hicho. Ni wazo zuri, na mkono uliolowa hauliharibu. Kifuko hakitawanyiki, lakini ni kikubwa, kinatumika kuifungia pedi chafu, na watu hawakichanganyi na karatasi ya choo.

Tangu mwaka 2017 sheria inaitaka serikali ya Kenya iwape pedi bila malipo wasichana waliobaleghe walio katika shule za umma. Hapo ndipo mnunuzi ana nguvu kuliko sisi sote dukani. Zabuni ikitaja ukanda unaotawanyika, itaje na maji ya kupimia: ya mvua, ya kisima chenye kalisi, na ya chumvichumvi. Itaje kubandua kwa mkono uliolowa. Na sampuli zikae kwanza ghalani Mokowe au Faza mvua za Mei zipite, ndipo zipimwe.