Aliyezama Ziwani Anahitaji Pumzi, Hahitaji Kuminywa Tumbo: Maswali na Majibu

Kwa sisi tunaotoa huduma za dharura hapa Mwanza, mtu aliyeopolewa ziwani huwa amepitia mikono mingi kabla ya kutufikia, na mara nyingi mikono hiyo imefanya kila jambo isipokuwa lile moja alilolihitaji. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa mialoni na kwenye korido za hospitali.

Kuzama ni nini?

Ni kushindwa kupumua kwa sababu pua na mdomo vimefunikwa na maji. Kinachoua ni ukosefu wa oksijeni, na ubongo usioipata huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.

Je, si lazima maji yatolewe tumboni kwanza?

Hapana. Maji yaliyomo tumboni siyo yanayomuua. Yale yaliyoingia mapafuni kwa kawaida ni machache kuliko watu wanavyodhani, na kwa kuwa ziwa letu si la chumvi, hufyonzwa upesi na kuingia kwenye damu. Madhara yake ni kuharibu utando unaozuia vifuko vya hewa visisinyae, na utando huo haurudishwi kwa kumkamua mtu. Mnapomning'iniza mtoto miguu juu, mnapomlaza kifudifudi juu ya dumu na kumviringisha, au mnapomkandamiza tumbo, kinachotoka ni maji na ugali wa mchana, navyo vikifika kooni kwa mtu asiye na fahamu huingia kwenye mapafu yaleyale mnayotaka kuyasafisha. Zaidi ya hapo, dakika zote hizo hapati hewa.

Mbona tumewahi kuona mtu akiminywa, akatapika, kisha akaamka?

Huyo alikuwa bado anapumua, na angeamka hata kama mngemwacha alale kwa ubavu. Wale walioacha kupumua wakaminywa hawakuamka, ila waliozikwa hawarudi mwaloni kusimulia. Tunarudia: msiminye tumbo.

Basi tufanye nini?

Mlaze chali mahali pagumu, mwinamishe kichwa nyuma kidogo na kumwinua kidevu, kisha utazame kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Kama hapumui, bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, na umpulizie pumzi 5, kila moja kwa takriban sekunde moja, ukihakikisha kifua kinainuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike pua na mdomo wake pamoja. Asipoonyesha dalili ya uhai, weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, ukandamize mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo hivyo bila kuacha. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja unatosha, na kwa mchanga vidole gumba viwili. Wakati huo mwingine apige simu 114, namba ya zimamoto na uokoaji, na atafute usafiri. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute, mrudishe chali, endelea.

Kuna mahali watu hukandamiza kifua tu bila kupuliza. Kwa mtu aliyeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo hilo lina nafasi yake, lakini damu ya aliyezama imekwisha oksijeni, na kuizungusha bila kuiongezea hewa hakumfikishi mbali.

Akiwa na povu mdomoni?

Puliza tu. Usipoteze muda kulifuta, kwa kuwa litaendelea kutoka. Wapo wanaokimbia wakiliona, hasa wakijua mtu huyo ana kifafa na alizidiwa wakati akichota maji. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate, na inachosha kulazimika kulieleza hili kila mwaka kwa watu wazima.

Anahema kwa kukwamakwama, kila baada ya muda mrefu. Tusubiri?

Msisubiri. Huko siyo kupumua. Mpulizie.

Yule fundi wa kivuko cha MV Nyerere alitolewa hai baada ya siku mbili, aliwezaje?

Kivuko kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, yeye alibaki kwenye sehemu iliyokuwa na hewa. Alikuwa na hewa, akaishi. Ndilo tunalolisema tangu mwanzo.

Nimwokoe vipi nisizame naye?

Usijitose kama hukufunzwa. Mrushie kamba, mnyoshee kasia, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Kama alirukia majini kutoka juu ya mawe na akagonga kichwa, shingo yake isipindwepindwe, lakini hofu ya shingo isiwazuie kumpa pumzi.

Ameamka na anaongea. Turudi naye nyumbani?

Hapana, na hapa ndipo tunapopokea wagonjwa usiku wa manane, waliopewa maziwa ya moto na kulazwa kitandani tangu jioni. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye: kikohozi, kuhema haraka, midomo kuwa ya kijivu, usingizi usio wa kawaida. Aliyepoteza fahamu au anayeendelea kukohoa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, aangaliwe kwa saa 4 hadi 8 na apewe oksijeni ikihitajika. Njiani mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kitenge au blanketi kikavu, mlazeni ubavu kama ana usingizi, na asipewe kitu chochote mdomoni. Mkifika, semeni alikaa chini ya maji kwa muda gani na alianza kupumua lini; na kama kuna aliyemminya tumbo msitufiche, kwa sababu inabidi tujue kama chakula kimeingia mapafuni.