Maana ya chungu katika sanaa na fasihi ya Uingereza, karne ya 19

Ukikuta mtungi, buli au sahani katika riwaya, shairi au mchoro wa Uingereza wa karne ya 19, usidhani ni pambo la meza tu. Mara nyingi chombo hicho ni ishara, yaani kitu cha kawaida kinachosimamia wazo kubwa kuliko chenyewe. Kutegemea nani amekishika, kinaweza kumaanisha umilele, nafsi ya mtu, cheo, au upweke.

Ufinyanzi ulipata uzito huo kwa sababu viwanda vilikuwa vimeujaza nchini. Josiah Wedgwood alifungua kiwanda chake cha Etruria, katika jimbo la Staffordshire, mwaka 1769, na miji ya jirani ikafuka moshi wa matanuri mwaka baada ya mwaka. Badala ya kuchora kila sahani kwa mkono, mafundi walichonga picha kwenye bamba la shaba, wakalipaka rangi, wakachapa kwenye karatasi nyembamba, kisha wakaibandika karatasi hiyo juu ya chombo. Kwa njia hiyo picha moja iliweza kufika kwenye meza ya tajiri na ya karani.

Picha iliyosambaa kuliko zote ni ile ya buluu yenye mti wenye matawi yaliyoinama, daraja linalovukwa na watu watatu, na ndege wawili angani. Wengi waliamini inasimulia hadithi ya kale ya China kuhusu wapendanao waliofukuzwa na baba wa binti, wakafa, wakageuka ndege. Ukweli ni kwamba picha ilibuniwa na wachongaji wa Kiingereza mnamo 1790 kwa kuigiza vyombo vya China, na hadithi ikachapishwa katika jarida la London mwaka 1849. Sahani ilitangulia na kisa chake kikafuata, miaka hamsini na zaidi baadaye. Watu walikula juu ya picha ile kila siku mpaka wakaitafutia maana.

Kwa upande wa ushairi, wengi huanza na John Keats, aliyeandika mwaka 1819 juu ya chombo cha Kigiriki kilichozungukwa na picha: wapendanao wanaokaribia kubusiana na wasibusiane kamwe, na watu waliotoka mjini kwenda kutoa kafara ambao hawatarudi. Kusema kweli chombo chake si cha udongo. Shairi lenyewe linataja marumaru, na mchoro unaohusishwa na mkono wa Keats unaonyesha chombo cha marumaru kilichopo kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Lakini wazo liliwaingia wasomaji: chombo huishi kuliko waliokitumia, na kimya chake kinajua mengi.

Udongo hasa ulikuja na wazo jingine, ambalo msomaji wa Kiswahili halimpi shida. Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi akaone chombo kikiharibika na kufinyangwa upya. Suratu Rahman inasema mtu ameumbwa kwa udongo mkavu kama wa vyombo vya kuchomwa. Mwaka 1859 Edward FitzGerald alitoa kwa Kiingereza mashairi yanayonasibishwa na Omar Khayyám wa Uajemi, na humo mna kisa cha kupendeza. Ni jioni, Ramadhani inaisha, msimulizi amesimama peke yake kwenye duka la mfinyanzi, na vyombo vilivyopangwa safu vinaanza kuongea. Kimoja kinauliza nani hasa ni mfinyanzi na nani ni chungu. Kingine, kilichopinda, kinalalamika kwamba wenzake wanakicheka. Je, mkono wa Mfinyanzi ulitetemeka? Kabla hawajapata jibu, mwezi mwandamo unaonekana na mazungumzo yanakatika. Kwa Uingereza ya wakati ule, ambayo imani yake ilikuwa imeanza kuyumba, lile swali la chombo kilichopinda halikuwa mzaha. Mshairi Robert Browning alilishika mwaka 1864, akamfanya mzee wa Kiyahudi aseme kwamba gurudumu linalozunguka ndilo linaloipa nafsi umbo lake, basi mtu asilalamike.

Binafsi naona aliyekitumia chombo cha udongo vizuri kuliko wote ni George Eliot, kwa kuwa hakukipandisha mbinguni. Katika riwaya yake ya 1861, *Silas Marner*, mfumaji mpweke anaishi kando ya kijiji akilimbikiza sarafu za dhahabu ndani ya chungu cha chuma chini ya sakafu. Mbali na dhahabu hiyo ana mtungi wa udongo wa rangi ya kahawia, ambao kwa miaka 12 amekuwa akiuchukua asubuhi kwenda kuchota maji kisimani. Eliot anataja hata alama ya mpini kwenye kiganja chake, na jinsi alama ile ilivyomfurahisha pamoja na maji safi. Siku moja anajikwaa, mtungi unaangukia mawe na kupasuka vipande vitatu. Anaviokota, anarudi navyo nyumbani kwa huzuni, anavigandisha, kisha anausimamisha mtungi mahali pake pa zamani kama kumbukumbu, ingawa hauwezi tena kushika maji. Kisa chote ni aya moja. Lakini msomaji aliyekwisha kumhesabu Silas kuwa bahili aliyekauka anajua sasa kwamba moyo wake haujafa, na asingejua hivyo kwa kumwona akihesabu dhahabu.

Miaka ya 1860 na 1870 London ilishikwa na homa ya kauri za buluu na nyeupe kutoka China. Wachoraji James Whistler na Dante Gabriel Rossetti walishindana kuzikusanya. Kwenye mchoro wake wa 1864 Whistler alimketisha mwanamke wa Kizungu katikati ya vyombo hivyo, amevaa joho la Kichina, eti anapaka rangi chombo. Mwandishi Oscar Wilde, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alisifika kwa kusema kila siku inamwia vigumu zaidi kuishi kwa kiwango cha kauri zake za buluu. Jarida la vichekesho la *Punch* halikumwacha salama: mwaka 1880 lilichora bibi na bwana harusi wakiitazama buli kwa unyenyekevu na kuahidiana kuistahili. Utani huo ulieleweka kwa sababu kauri ilishakuwa tangazo la hadhi. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya jamaa moja, na ya zamani zaidi: bakuli za China zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, au zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, zilimwambia mgeni mwenye nyumba ni nani.

Katika yote haya mtu mmoja haonekani, naye ni mfinyanzi. Mungu anaitwa mfinyanzi, wakati unaitwa gurudumu, lakini mfanyakazi wa Staffordshire haitwi popote. Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kule alikula vibaya zaidi ya hapo. Watoto walikimbia wakibeba vyombo vibichi kuvipeleka kwenye vyumba vya kukaushia vyenye joto kali. Waliochovya vyombo kwenye maji ya kung'arisha walipata sumu ya madini ya risasi yaliyokuwa kwenye maji hayo, wengine wakapooza viganja. Wachunguzi wa serikali waliandika habari hizo miaka ya 1840, ila washairi wengi hawakuzigusa. Longfellow wa Marekani alimpa mfinyanzi sauti katika shairi refu la 1878, lakini huyo naye anaimba tu kwenye gurudumu lake huku mshairi akisafiri kimawazo kuzunguka dunia.

Mabadiliko yalitoka zaidi kwa wanaofinyanga kuliko kwa wanaoandika. Mhakiki wa sanaa John Ruskin alikuwa ameshahoji mwaka 1853 kazi ya kiwandani inamfanya nini anayeifanya, na baadhi ya mafundi walimsikia. Ndugu wanne wa ukoo wa Martin, waliohamia Southall, magharibi mwa London, mwaka 1877, walitengeneza mitungi yenye sura za ndege wenye macho ya hila, vichwa vikiwa vifuniko. Chini ya kila kimoja walikwaruza jina lao, mahali na tarehe kabla ya kukiingiza tanurini.